Bibi Harusi Aliyefumba Macho

Mie nimepiga picha za maharusi miaka mingi na hakuna hata siku moja niliyoitwa mpiga picha. Mpiga picha alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu. Duka lake lilikuwa Lindi mjini, na jina lililoandikwa mlangoni lilikuwa lake peke yake. Lakini enzi hizo za Mwingereza, pwani yetu yote ile, bibi harusi aliyepambwa hakai mbele ya mwanamume asiye wake. Sasa niambie, mwanamume ataipigaje picha ya mtu asiyeruhusiwa kumwona? Jawabu lilikuwa mie.

Tulifanya hivi. Mume wangu anaingia chumbani kabla ya bibi harusi, anasimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, ananikalisha mie kwenye kiti cha bibi harusi. Anaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, anazungusha lenzi mpaka nyusi zangu azione moja moja. Akiridhika, anachora kwa mkaa pale miguu ya kiti ilipokanyaga sakafu, kisha anatoka nje na kwenda kusimama chini ya dirisha. Hapo bibi harusi analetwa, anakaa pale pale nilipokaa, na mie nasimama kwenye kamera. Akiwa mfupi kuliko mie, namwekea mto. Kazi yangu ni kufunua kifuniko cha lenzi, kungoja mwanga uingie kwenye kioo cha picha kilicho ndani, na kufunika tena. Asiye na habari angeona ni kazi ndogo. Ajaribu na wanawake wote wa ukoo wamejaa chumbani.

Kungoja kwenyewe kulikuwa na kipimo chake. Saa ya kuaminika hatukuwa nayo, kwa hiyo mume wangu alinifundisha kupima kwa salawati. Namtakia rehema Mtume mara moja, polepole, bila kukata pumzi, na kwa mwanga wa dirishani inakuwa imetosha. Nilikuwa naisoma kimoyomoyo, midomo tu ikicheza.

Basi mtu akiniuliza leo maharusi wafanye nini ili picha zao zitoke vizuri, nina mengi ya kusema, na watoto wangu wameshachoka kuyasikia. Msile tambuu asubuhi ya picha, meno yatatoka meusi. Piko ikauke kabisa kabla mkono haujawekwa juu ya nguo nyeupe. Shangazi wote wapewe kazi jikoni. Na viatu vipya vivaliwe nyumbani kwanza. Hili la viatu nililipata Mingoyo, kwenye harusi ya Wakristo walioteremka kutoka uwanda wa Makonde. Pale mume wangu alifanya kazi mwenyewe, maana bibi harusi alikuwa nje juani anaonwa na kila mtu, mie nimekaa kivulini nakula ubwabwa. Bwana harusi alikuwa na viatu vipya vinambana, hakusema. Picha zilipotoka, bibi harusi anang'aa kwa furaha na mwenzake pembeni ana uso wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Familia ikaanza kuulizana kama alikuwa amelazimishwa.

Lakini iliyonifunza zaidi ni harusi ya Kilwa Kivinje.

Tulitoka Lindi na lori la mizigo, tumekaa juu ya magunia, mie nimepakata sanduku la kamera safari nzima kama mtoto mchanga. Vioo vya picha vilikuwa adimu, vita vilikuwa vimekwisha si zamani, na katika vile tulivyobeba viwili vilivunjika kwa mashimo ya njiani. Mume wangu alihesabu vilivyobaki na kusema kwamba vitatu ni vya bibi harusi na kimoja atakiweka akiba. Yeye kila siku alikuwa na kimoja cha akiba.

Bibi harusi alikuwa msichana mwembamba, mcheshi, aliyenishika mkono mara tu nilipoingia ndani. Mama yake alifariki akimzaa, na aliyemlea ni bibi yake mzaa mama, kule Kiranjeranje. Sasa anaolewa na karani wa serikali aliyehamishiwa Tabora, na fungate ikiisha wanapanda meli kwenda Dar es Salaam, kisha treni. Bibi alikuwa mzima wa kila kitu isipokuwa miguu. Lori hakuliweza, na harusi ya mjukuu wake hakuiona. Tabora wakati huo ilikuwa mbali kuliko ilivyo sasa. Kila mtu mle ndani alijua, ingawa hakuna aliyelisema, kwamba yawezekana wale wawili wasionane tena.

"Dada," akaniambia, "picha hii si yangu. Mpelekee bibi yangu mkirudi, mnapita pale pale. Nataka awe nami."

Mie machozi yangu yako karibu. Nikamwahidi.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kutolewa. Kwa asiyejua, siku hiyo bibi harusi anakalishwa amepambwa, wanawake wanakuja kumtazama na kumtunza zawadi, naye amefumba macho toka mwanzo hadi mwisho. Kufumba ndiyo heshima yake. Akifumbua akaanza kuwatazama watu, watasema hakufundwa. Anayemlinda ni somo yake, mwanamke aliyemfunda mambo ya ndoa, na somo wa huyu alikuwa mama mnene, mkavu wa maneno, ambaye sidhani kama alipata kucheka tangu azaliwe. Alikuwa ameketi karibu na kiti cha bibi harusi kama askari wa bandarini.

Nikamfuata kwa adabu zote. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya bibi wa Kiranjeranje, nikamwomba msichana afumbue macho kwa muda mdogo tu wa picha, wageni wakiwa bado nje. Akaniangalia juu chini. Akasema yeye hakualikwa kuja kuvunja kazi yake mwenyewe. Nikamwambia picha ya mtu aliyefumba macho ni sawa na picha ya mtu aliyelala, na bibi hakulea mtu wa kulala. Akasema basi bibi atajua kwamba mjukuu wake analala kwa heshima. Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu, na ningejibu vibaya, nikasikia sauti ya bibi harusi mwenyewe.

"Dada, mwache. Bibi ndiye wa kwanza kunifundisha kufumba. Akiniona nimekodoa macho, atajua mafunzo yake nimeyaacha njiani."

Nikaliacha, lakini moyoni sikuridhika hata kidogo. Nilimwona akilini yule bibi asiyejiweza miguu anashika karatasi, anatafuta macho ya mtoto wake, hayapo.

Mume wangu akaitwa, wanawake wakatoka, akafanya mambo yake, nikakaa kitini, akachora mkaa, akatoka. Bibi harusi akaingizwa, akakaa. Nikafunua, nikasoma salawati yangu kimya, nikafunika. Hakutikisa hata ukope. Nikawa najipongeza, ndipo macho yangu yakateremka sakafuni. Miguu ya kiti haikuwa kwenye alama. Ilikuwa mbali nayo hatua nzima, na lenzi ilikuwa imepimiwa pale penye mkaa. Nikauliza nani kagusa kiti. Somo akajibu bila wasiwasi kwamba ni yeye. Kiti kilikuwa kimeelekea ovyo, naye amekigeuza kielekee kibla, kwa sababu msichana anaanza maisha mapya na mwanzo wa kheri una upande wake.

Nikachungulia dirishani kumwambia mume wangu kwamba kioo cha kwanza kimekwenda na maji. Yeye alikuwa mtu wa taratibu, hakasiriki, jambo ambalo lilikuwa likinikasirisha mie. Akauliza tu kama kamera nayo haiwezi kuelekezwa upya, kiti kibaki na kibla chake. Ikabidi bibi harusi atolewe, mume aingie, nikae tena, achore tena. Somo akasimama mlangoni kuhakikisha kibla hakikupotea.

Safari hii wageni walikuwa wameshachoka kungoja. Wakamiminika ndani pamoja na bibi harusi, wamejipanga ukutani, vigelegele, manukato, watoto mgongoni, kila mmoja anamweleza mwenzake namna ya kupiga picha. Nikaomba wanyamaze. Wakanyamaza nusu. Nikafunua kifuniko, na kwa zile kelele sikujisikia hata moyoni, kwa hiyo nikajikuta nasoma kwa sauti. "Allahumma swalli alaa Muhammad."

Mwislamu aliyelelewa vizuri akisikia jina la Mtume hakai kimya. Chumba kizima kiliitika kwa pamoja, wazee kwa vijana, hata somo. Na bibi harusi naye, mtoto wa watu, aliyefundwa akafundika, akaitika mpaka mwisho, macho kafumba, mdomo unakwenda. Mie nimesimama pale na kifuniko mkononi, lenzi wazi, namtazama anavyoitika, siwezi kumwambia asimswalie Mtume. Nikafunika nikijua kwamba pale mdomo ulipo kutakuwa na ukungu.

Nilitamani kulia na nilitamani kucheka. Nje nikasikia mume wangu naye kaitika.

Kikabaki kioo kimoja cha bibi harusi. Nilipomwambia mume wangu dirishani kwamba atupatie kile cha akiba, akakataa kabisa. Akasema changu ni hiki kimoja, na akanishauri nihesabu kwa kitu kingine, chenye urefu ule ule, kisichoitikiwa na mtu. Nikarudi ndani nikifikiri. Namba sikuziamini, maana nikiwa na hasira nahesabu mbio. Nikaona bora vyombo vya jikoni, ambavyo navitaja kila siku polepole ninapomtuma mtu.

Somo alikuwa amesikia yote. Akawageukia wanawake akawaambia kwamba atakayefungua mdomo, hata awe nani, atatoka na hatakula. Nikaona kumbe ana faida zake. Kimya kikaingia mpaka nikasikia kuku uani. Bibi harusi amekaa, mikono yake yenye piko imelala mapajani, macho amefumba. Nikafunua kifuniko, na kwa sauti ile ile niliyokuwa nikisomea salawati, taratibu, kwa unyenyekevu, nikaanza.

"Chungu. Mwiko. Kawa. Upawa. Kinu. Mchi. Kifumbu."

Nikafunika. Hakuna aliyeitika. Mwanamke mmoja tu nyuma alikohoa ndani ya kanga yake.

Mume wangu aliisafisha picha kule stoo ya mahindi, mlango umezibwa kwa majamvi, kisha asubuhi akaitoa juani kwenye karatasi. Alikuwa na furaha. Kila uzi wa nguo ulionekana, kila kipini cha sikioni, kila ua la piko. Nyumba nzima ikaipokea kwa sifa, na aliyesifu zaidi ni somo, kwa namna yake, maana aliitazama kwa muda mrefu akasema, "Kafumba." Bibi harusi mwenyewe akaipokea, akaiangalia, akaifunga kwenye leso safi na kunipa. Akaniomba nimwambie bibi kwamba kila kitu kilikwenda sawa.

Mie peke yangu sikuipenda. Nilimwambia mume wangu njia nzima, juu ya magunia, kwamba tumempiga msichana aliyelala. Uso umetulia, hauna habari. Yule niliyemjua, aliyenishika mkono akaniita dada, hayumo humu. Tunampelekea bibi nguo na vipini. Mume wangu akasema picha haina kosa lolote. Nikamwambia hilo ndilo kosa lake. Akalala, au alijifanya kalala.

Kiranjeranje dereva akakubali kutungoja, alikuwa na gurudumu la kubadilisha. Tukaelekezwa nyumba. Bibi tulimkuta ukumbini, karibu na mlango, amekaa juu ya mkeka na miguu ameinyoosha, anachambua mbaazi. Alikuwa mwembamba kama mjukuu wake. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mara mbili, moja kwa kila mmoja wetu. Nilipotaja tulikotoka, akauweka ungo pembeni na kujifuta mikono kwenye kanga.

Nikafungua leso nikampa. Akaishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Mie nimesimama, nataka kuomba radhi kabla hajaniuliza. Akaitazama, akaitazama, halafu nikaona mabega yanamtikisika. Akainamisha kichwa. Nikamgeukia mume wangu kwa jicho baya, kumwambia haya sasa, si nilikwambia, tumemliza mtu mzima.

Bibi akainua uso. Machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka.

"Huyu alikuwa anacheka," akasema. "Nani alimchekesha?"

Nikamwambia hapana, bibi, alitulia kabisa, hata somo yake alimsifu. Akanivuta nikae mkekani, akaniwekea kidole chake kwenye picha, chini ya mdomo. Nikatazama. Mdomo wa chini ulikuwa umeingia ndani kidogo tu, upande mmoja, kiasi cha punje. Akasema tangu mtoto akiwa hajaota meno yote, alipokuwa anamfundisha kukaa kibibi harusi katika michezo yao, akimwambia fumba, anafumba, na akimwambia usicheke, mdomo unaingia pale. Watu wote wataona katulia. Yeye akishauona ule mdomo, anajua kwamba ndani ya kifua kuna kicheko kizima. Basi nani alimchekesha mtoto wake, siku ile, mbele ya watu wote wale?

Ikabidi nimweleze. Nikaanza na kiti na kibla, nikaja kwenye salawati na chumba kizima kilivyoitika, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nilipofika kwenye chungu na mwiko na kawa, alikuwa ameshika tumbo, ananiomba nirudie. Nikarudia. Nikamweleza na habari ya somo kuwatisha watu kwa chakula. Akauliza kama mtoto alikula vizuri. Akauliza mume anamtazamaje. Nilijibu yote niliyoyajua na machache nisiyoyajua. Lori likapiga honi barabarani na hakuna aliyeinuka.

Kisha akaifunga picha kwenye leso na kuitia kifuani. Akamtazama mume wangu.

"Na mimi anaweza kunipiga? Mmpelekee kabla meli haijaondoka?"

Mume wangu akakumbuka kile kioo cha akiba. Akasema kuna lori la kesho linalokwenda Kivinje, yeye atabaki Kiranjeranje aisafishe hapo hapo, mie nitangulie Lindi. Nikamwambia siendi popote. Akasimamisha kamera ukumbini, akaingia chini ya kitambaa. Bibi akaomba kanga yake nyingine, ile nzuri, nikamvalisha na kumnyooshea pindo. Akajikalisha wima, mikono mapajani. Halafu akafumba macho.

Mume wangu akatoa kichwa nje ya kitambaa kutaka kumwambia afumbue. Nikamkanyaga mguu.

"Nihesabie," bibi akaniambia, macho yamefumbwa. "Kama ulivyomhesabia yeye."

Mume wangu akaninong'oneza kwamba pale mlangoni mwanga ni mwingi, vyombo vitatu vitatosha. Akafunua kifuniko. Nikaanza, taratibu, kwa sauti ile ile. Chungu. Mwiko. Mdomo wa chini wa bibi ukaingia ndani, upande ule ule. Kawa. Mume wangu akafunika. Mie nikaendelea, upawa, kinu, mchi, mpaka kifumbu, kwa sababu bibi alikuwa bado hajafumbua.